Damu Haina Bima

Kama wiki iliyopita ulilikunja gazeti kwa hasira, msomaji, basi ujue Resiato alikuwa na hasira kukuzidi. Wewe ulikatiwa hadithi. Yeye alikatiwa simu.

"Resiato, mimi sikutakiwa kukwambia hili," Winnie, wakala wa bima, alikuwa amemnong'oneza. "Lakini aliyetueleza habari za baba yako ni mtu wenu. Mtu unayekula naye sahani moja."

"Nani?"

Simu ikazima. Chaji imekwisha.

Na mtu anayekula naye sahani moja alikuwa pale pale mezani, nyumbani kwao Karatu, Jumamosi mchana, anapuliza mtori, supu ya ndizi ya kwao. Obed, mumewe, Mchaga wa Machame, mwenye duka la vipuri vya magari. Alikuwa anakula kwa raha zake kama mtu asiye na dhambi.

Kwa wewe uliyechelewa kuingia, kisa ni hiki. Resiato ni dereva wa watalii, mmoja wa wanawake wachache wanaoshusha gari kreta, lile shimo kubwa la volkano, na kulipandisha bila kuita mtu. Mapema mwaka huu daktari wa Arusha alimwonyesha kwenye picha vivimbe vya maji vilivyojaa katika figo zake zote mbili. Ugonjwa wa kurithi, akamwambia. Ukitunzwa mapema unakwenda polepole. Ukiachwa, figo zinakufa, na mtu anabaki anasafishwa damu kwa mashine maisha yake yote.

Bima aliyokatiwa na kampuni ya safari ilikuwa inalipa dawa, vipimo na kliniki. Ghafla ikamfuta. Alipojiunga aliulizwa kama kuna mzazi wake aliyeugua figo, akajibu hapana. Sasa wamegundua baba yake alikufa kwa figo. Amewaficha, wakasema, kwa hiyo hawamjui.

Na Resiato hakuficha! Kwao Nainokanoka aliyekufa hatajwi tena jina, wala hakuna anayekaa kikao kuuliza kilichomuua. Alichojua ni kwamba baba yake alivimba miguu, akavimba uso, na mwaka ule watu walipokuwa wanamiminika Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji, naye akapelekwa. Akarudi, akafa. Neno figo halikuwahi kuingia bomani.

Ni yule daktari aliyemfanya aunganishe mambo. Alipoyaunganisha, aliwaambia watu wawili tu chini ya jua: mumewe, na mdogo wake Lekishon, ili naye akapime mapema.

Resiato akamtoa Lekishon kwenye hesabu hapo hapo. Mtoto aliyembeba mgongoni, aliyemsomesha kwa mshahara wake wa kwanza hadi akawa dereva kama yeye! Hapana. Akabaki mmoja.

"Obed."

Obed akaweka kijiko chini. Siku zote anaitwa baba Elieshi. Mke akikuita jina lako la ubatizo, tena wakati wa chakula, hiyo si salamu.

"Kuna nini, mama Elieshi?"

"Umeniuza kwa bima."

"Nimefanya nini?"

"Winnie ameniambia ni mtu ninayekula naye. Humu ndani nakula na wewe na Elieshi, na Elieshi bado anapulizwa uji."

"Ruwa wangu!" Obed akamwita Mungu kwa Kichaga, akasimama hadi kiti kikaanguka. "Mimi? Nikuuze mimi? Nipate nini?"

"Sijui unapata nini. Labda umeshaanza kutafuta mke mwenye figo nzima."

Maneno hayo yalimchoma Obed, na Resiato aliona yanamchoma, na akafurahi. Hivyo ndivyo alivyokuwa ameumia.

"Naapa kwa mama yangu," akasema Obed. "Sijawahi kuzungumza na hao watu."

"Basi ni nani?"

Obed akainama kuokota kiti. Akachukua muda mrefu mno kukiokota. Sasa huyu mwanamke kazi yake ya kila siku ni kutafuta chui aliyelala kwenye majani, na Obed hakuwa chui wa kujificha vizuri.

"Unamjua," akasema Resiato.

Obed akakifuta kiti vumbi kwa kiganja.

"Obed, unamjua!"

"Alipigia simu dukani kwangu," Obed akasema kwa sauti ya chini. "Alisimama nyuma ya zile shokapu, akadhani niko na mteja. Nikamsikia anasema, 'Resiato ndiye mtoto wa yule aliyekufa kwa figo. Mimi baba yangu ni mwingine.'"

"Nani huyo?"

"Kaa kwanza, mama Elieshi."

"Sikai! Nani?"

"Lekishon."

Resiato akacheka. Alicheka kwa sauti, akamwambia mumewe aseme uongo unaofanana na uongo. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamkauka mdomoni, kwa sababu Obed alikuwa analia.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mvua zilipoanza. Aliniapia atakueleza mwenyewe. Mimi ni shemeji tu, nikaogopa kuitwa Mchaga aliyekuja kuvunja nyumba ya Wamasai."

"Kwa hiyo ulinisindikiza mpaka ofisini kwao, ukakaa pembeni yangu, ukanitazama nalia nikiuliza ni nani, na jibu unalo mfukoni."

"Mama Elieshi..."

"Lete ufunguo wa gari."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hawakusema ufanye nini ukigundua nguo zote mbili ulizovaa zina chawa.

*

Resiato akavuka lango la hifadhi bila kujibu salamu za askari wanaomfahamu. Akapanda ukingo wa kreta katika ukungu, akanyoosha Nainokanoka. Njia nzima alikuwa anamtetea Lekishon kichwani mwake. Labda Obed alisikia vibaya. Labda yalikuwa mambo mengine. Moyo wa dada una ujinga wake, tumsamehe.

Bomani kwa mama yake alikuta mbuzi amechinjwa.

Lekishon alikuwa katikati ya watu, shati jipya la kaki, nembo ya kampuni kubwa ya safari kifuani. Amepata mkataba wa kudumu! Kampuni ile haimpi mtu mkataba mpaka bima imkubali, na bima imemkubali.

"Dada!" akaita kwa furaha. "Aisee, nilijua utakuja. Umesikia habari?"

"Nimesikia."

Hata mwenye hasira ana adabu. Resiato alikwenda kwanza kwa Sairowua, mdogo wake marehemu baba yake, tumbo moja, aliyerudi na ng'ombe kutoka Olbalbal juzi. Mzee alikuwa kwenye kigoda, amejifunika shuka kiunoni hadi chini, kofia imemshukia machoni. Resiato akainamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja. Kisha akamsalimu mama yake, Nashilu.

"Takwenya, Yeyo."

"Iko. Mbona macho mekundu?"

"Vumbi."

Akamgeukia Lekishon. "Nani alimwambia Winnie kwamba mimi ni mtoto wa mtu aliyekufa kwa figo?"

Lekishon akatabasamu. Akaacha kutabasamu. Akaangalia nyama kwenye moto kama vile inaungua.

"Dada, tuongee baadaye, kuna wageni."

"Wageni watakula. Wewe jibu."

"Sikutaka ifike huko. Nilipoomba bima, Winnie akaona jina la ukoo, akaniuliza, 'Wewe na Resiato si ndugu?' Ningesema nini? Ningesema ndiyo, figo za baba zingenifuata na mimi. Mkataba ungeota mbawa!"

"Ukasema nini?"

"Nikasema baba yangu ni mwingine."

Kibuyu cha maziwa kikamponyoka Nashilu mkononi.

Msomaji, elewa alichosikia mama huyu. Kwa Wamasai mtoto ni wa mwenye boma, basi. Hakuna kipimo, hakuna swali. Kijana kusimama mchana kweupe na kutangaza kuwa baba yake ni mwingine ni kumtukana mama aliyemzaa na kumfukuza marehemu kwenye ng'ombe wake mwenyewe.

"Umesema baba yako nani?" Nashilu akauliza.

"Usinitolee macho, Yeyo," Lekishon akajibu. "Wewe ndiye uliyemwambia Winnie hivyo kwanza!"

Resiato akamwacha Lekishon hapo. Akamgeukia mama yake. Mume, mdogo, na sasa mama?

"Yeyo. Ni kweli?"

"Mimi? Huyo binti alinipigia kwa simu ya Lekishon. Akaniuliza kwa Kiswahili, baba yake Lekishon anaitwa nani. Nikamwambia Sairowua. Akaniuliza yuko hai? Nikasema yuko hai, yuko Olbalbal na ng'ombe. Akanishukuru, akakata."

"Kwa nini ulimtaja baba mdogo?"

Mama akamshangaa, kama aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka.

"Ningemtaja nani? Nimwite aliyelala? Kinywa changu mimi? Akilala baba, ndugu yake ndiye baba. Hata wewe ungeulizwa ningekutajia huyo huyo."

Resiato akafumba macho. Mama hakumsaliti mtu. Mama alimheshimu maiti wake, kama alivyofundishwa na mama yake. Winnie, msichana wa Moshi aliyesoma, akauliza swali la bima, akapewa jibu la boma, akaliandika.

Na Lekishon alikuwa amesimama pale pale, simu ni yake, anasikia. Anajua Kiswahili na anajua Kimaasai. Alijua Winnie ameelewa vibaya, akanyamaza, kwa sababu kosa lile lilikuwa tamu kwake. Kisha akaenda dukani kwa shemeji yake, akapiga simu nyingine, akamalizia.

"Kunyamaza ningekusamehe," Resiato akamwambia. "Lakini kwa nini ulinitaja mimi?"

"Winnie aliuliza! Akasema, kama wewe ni wa Sairowua, Resiato ni wa nani? Ningesema na yeye ni wa Sairowua, wangeanza kuchimba, wangefika kaburini. Nikampa jibu la haraka. Sikujua watakufuta, dada. Naapa."

"Nilikwambia habari za figo ili ukapime."

"Najua."

"Ulipima?"

Lekishon akarusha mikono juu. "Nipime ili iweje? Nikipima nikakuta vivimbe, nikiulizwa na bima nitajibu nini? Wewe ulipima, umepata nini? Asiyepima hana la kuficha!"

Maneno hayo yalimuuma Resiato kuliko yote, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Kama angebaki na maumivu yake ya kiuno bila kwenda Arusha, leo angekuwa na bima. Angekufa nayo mkononi, lakini angekuwa nayo.

"Nilikubeba mgongoni," akasema. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakulelewa na wewe. Resiato alilia mbele ya watu wote, na hakujali.

Lekishon akamsogelea. Machozi ya dada yake yalimtisha, hilo nalo tumpe haki yake.

"Dada, sikiliza. Inarekebishika."

"Nini kinarekebishika?"

"Wamekufuta kwa sababu wanasema ulimficha baba mgonjwa. Si ndiyo? Sasa, kama na wewe baba yako ni Sairowua, hukuficha kitu! Ulijibu hapana, na hapana ilikuwa kweli. Lazima wakurudishe. Dawa, kliniki, hata mashine ikifika siku yake. Ni neno moja tu, dada."

"Hapana," akasema Nashilu. "Mimi nimeficha jina lake kwa heshima. Mmoja wenu amemkana, inatosha."

"Yeyo, hujui bima ni nini!"

"Najua mume wangu ni nani."

Lekishon alikuwa ameshapiga namba. Akaweka spika ili wote wasikie. Winnie akapokea haraka.

"Winnie, niko na dada yangu hapa. Aisee, nilikuchanganya siku ile. Mimi na Resiato baba yetu ni mmoja, huyu huyu mzee Sairowua. Yule aliyekufa ni baba yetu mkubwa."

Baba mkubwa! Umesikia, msomaji? Neno dogo hilo, na marehemu akatolewa nyumbani kwake, akapelekwa nyumba ya jirani.

Winnie akalirudia neno. "Baba mkubwa? Ndugu wa baba tu? Jamani, mbona hamkusema mapema! Sisi tunauliza mzazi, na ndugu wa tumbo moja. Baba mkubwa hayumo. Resiato, upo?"

"Nipo," akasema Resiato.

"Mwenyewe unathibitisha?"

Resiato akaitazama simu. Alimwona baba yake, si yule aliyevimba, yule wa zamani, aliyemfundisha kutofautisha ng'ombe kwa mlio akiwa amefumba macho. Akamwona na Elieshi, anayepulizwa uji. Nani atampuliza?

"Resiato? Nataka nimwandikie bosi leo leo wakurudishe. Niambie tu, huyo mzee Sairowua, mzima?"

Swali gani rahisi hilo! Kila siku tunaulizana, mzima? Mzima. Hata mwenye homa anajibu mzima.

Mzee Sairowua alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kigoda chake. Sasa akashika pindo la shuka yake, akalivuta polepole hadi magotini.

Miguu yake ilikuwa imevimba, imejaa, inang'aa. Katambuga zake, viatu vya tairi, zilikuwa pembeni ya kigoda, kwa sababu hazikuwa zinaingia tena. Alipoinua kofia, Resiato akaona na kope zimevimba, akajiuliza alipomwinamia alikuwa anaangalia nini.

Miguu ile anaijua. Aliiona mara ya kwanza mwaka wa kikombe, kwa mtu mwingine.

Lekishon naye akaona. Alikuwa amemkimbia baba mgonjwa aliyekufa, akajiandikisha kwa baba mgonjwa aliye hai. Akatikisa kichwa kwa dada yake, midomo inacheza bila sauti: sema mzima, sema mzima.

"Haloo? Mtandao wenu huko juu jamani. Nimeuliza, mzee mzima?"

Resiato alimtazama mama yake. Nashilu alikuwa anamngoja. Yule aliyekuja kudai haki ya damu yake, aliyelia mbele ya watu kwa sababu ameuzwa, mama yake alimngoja aseme kweli.

"Mzima," akasema Resiato.

"Mzima kabisa?"

"Kabisa."

Nashilu akaokota kibuyu chake. "Mimi nilimzika mume wangu mara moja," akasema kwa Kimaasai, bila kupandisha sauti. Akaingia ndani, akafunga mlango, na Resiato alipoita Yeyo hakuitikiwa.

"Safi sana!" Winnie akasema kwenye simu kwa furaha ya kweli, maana hakuwa binti mbaya. "Basi Jumatatu asubuhi mleteni mzee hapa Karatu. Daktari wa kampuni atampima damu na mkojo, ni utaratibu tu. Akiwa mzima kama unavyosema, wote wawili mambo yenu yamekwisha."

Akakata.

Watu walikuwa wameacha kula. Lekishon alikaa chini kwenye majani na shati lake jipya, simu bado mkononi, akaanza kusema kwamba mzee anaweza kusafiri, anaweza kuwa Loliondo, anaweza kupelekwa mzee mwingine, nani anamjua kwa sura.

"Nyamaza," Sairowua akamwambia.

Akafunika miguu yake. Akamwita Resiato kwa kidole, na Resiato akasogea, akapiga magoti, akainamisha kichwa kama alivyofanya alipofika. Safari hii mkono wa mzee haukumgusa.

"Jumatatu nitapanda gari lako," akasema. "Damu nitawapa, mkojo nitawapa. Lakini huyo daktari akiniuliza wewe ni mtoto wa nani, usije ukanifundisha la kusema."